Nukta Saba

Mara ya tatu Bi Sofia Likungwa anaileta
imefungwa kwenye kanga kama mtoto mwenye homa:
inveta ya mashine ya kubangulia korosho,
moduli yake ya transista imepasuka kifua,
harufu ya plastiki imetangulia kufika mlangoni.
"Ile uliyotengeneza," anasema.
Hasemi zaidi. Anavuta stuli, anakaa.

Kosa ni langu na najua lilipolala.
Nilikata kipande cha fremu ya dirisha,
nikakibana kwa skrubu moja,
nikapaka grisi nene kama siagi ya mkate wa Idi,
nikafungia vyote ndani ya sanduku la bati,
na sanduku nikalipigilia ukuta
unaotazamana na jua la saa nane la Masasi.

Leo kalamu kwanza, bisibisi baadaye.

Moduli inatupa wati arobaini.
Ndani ya sanduku, mchana, nyuzi hamsini.
Moyo wake usipite mia na kumi,
ingawa karatasi za kiwandani zinajigamba mia na hamsini
(karatasi hazijawahi kukaa Masasi mwezi wa Novemba).
Basi nina nyuzi sitini za kutumia.
Sitini kwa arobaini: moja na nusu kwa kila wati.
Huo ndio mshahara wote.
Ganda la moduli linakata nusu kabla sijaushika.
Mika na grisi, nukta tatu.
Kilichobaki ni nukta saba,
na kwa nukta saba hiyo hitisinki ilipe nauli ya joto lote
kutoka kwenye chuma mpaka hewani.

Kile kipande cha dirisha nimekipima.
Kinataka nne.

Nne! Nilimtwika mtoto gunia la kilo mia
halafu nikamlaumu kwa kuanguka.

Chitanda, mwanafunzi wangu, anataka feni.
Vijana wanapenda kinachozunguka.
Namtolea ya mwaka juzi kutoka chini ya meza:
mafuta ya ganda la korosho yamekamata vumbi,
vumbi limekamata mabawa,
haigeuki hata kwa kidole.
Anarudi na hitisinki ya redio kubwa,
mapezi yamesongamana kama meno ya chanuo.
"Hii ina eneo kubwa, fundi."
Inalo. Lakini hewa isiyosukumwa ni mvivu,
haiingii uchochoro wa milimita mbili;
inasimama nje ikipiga soga.

Tumeipata Mkuti, kwenye lundo la chuma chakavu,
mgongoni mwa mashine ya kuchomelea iliyokufa:
kilo tatu na ushee, mapezi marefu, machache,
kidole changu kinapita kati yake.
Elfu thelathini na tano. Nilitaja ishirini, akacheka.

Uso wake tumeusugua kwa msasa juu ya kioo
mpaka rula ikikaa, mwanga haupenyezi.
Grisi safari hii ni utando tu,
maandishi ya chini yake yanasomeka.
Skrubu nne, kwa mshazari, kidogo kidogo,
kama anayekaza ngozi ya ngoma.
Sanduku nimelikata mgongo, mapezi yakae nje,
wima, maana joto linajua njia moja, ya juu,
na ukuta ni ule mwingine, wa kivulini.

Mashine ilikula magunia mawili bila kupumzika.
Niliweka kiganja: moja, mbili, tatu, nikatoa.
Siku ya kile kipande cha dirisha
sikuimaliza hata moja.

Bi Sofia alisogea, akanyoosha mkono juu ya mapezi,
bila kugusa, kama anayepima mvuke wa chungu.
Hewa ya moto ikamwinua ncha ya mtandio.
"Kumbe halijafa," akasema.
"Umelitoa humo ukatuletea sisi."
Akavuta kiti chake hatua mbili nyuma
akaanza kuhesabu debe.